Kung'oa gego la mwisho: mwongozo kwa aliye Mwanza na pembezoni mwa ziwa

Jino la kawaida likiuma unaweza kulionyesha kwa kidole. Gego la mwisho halina huruma hiyo. Liko nyuma kabisa, mahali ambapo mswaki unafika kwa shida, na likianza, maumivu hayasemi yametoka wapi: mara sikio, mara koo, mara kichwa upande mmoja. Mtu anameza dawa za kichwa wiki nzima, anaenda kupimwa masikio, kumbe ni jino.

Mimi nimeng'olewa la chini kushoto, na mwaka uliofuata nikamsindikiza mdogo wangu aliyekuja kutoka Sengerema na la kwake la kulia. La kwangu lilitoka kwa wepesi, halafu nikaharibu mwenyewe siku ya tatu. La kwake lilimtoa daktari jasho, lakini kidonda kilifunga vizuri kwa sababu safari hiyo tulijua cha kulinda. Cha kulinda ni damu iliyoganda ndani ya shimo la jino. Watu wanaogopa sindano na koleo; kwa niliyoyaona, kiti ndiyo sehemu nyepesi. Kinachotesa ni miezi ya kuahirisha kabla ya kukalia kile kiti, na siku tano za mwanzo baada ya kuondoka.

Jua kwanza linauma kwa nini

Magego ya mwisho, ambayo wengine huyaita meno ya hekima, huota kwa kawaida kati ya miaka 17 na 25. Wengi huota manne, moja kila kona. Wapo wenye mawili tu, na wapo wasioota hata moja. Shida yake ni nafasi. Meno mengine yameshakaa, taya limejaa, na hili linakuja kama abiria wa mwisho kwenye daladala ya Igoma jioni: halina pa kukaa, linaingia ubavu. Basi linalala upande na kuliegemea gego la mbele yake, au linachungulia nusu, nusu nyingine inabaki imefunikwa na ufizi.

Hiyo nusu ndiyo yenye balaa. Ule ufizi uliolifunika jino unakuwa kama mfuko. Punje ya wali inaingia, unga wa dagaa unaingia, mswaki hauingii. Vijidudu vinajaa humo, ufizi unavimba, na kwa kuwa umevimba, jino la juu linaugonga kila ukifunga mdomo. Ndipo mdomo unakataa kufunguka, kumeza mate kunauma, na harufu mbaya inatoka hata ukipiga mswaki mara tano.

Hapo wengi wetu tunakimbilia duka la dawa. Unauziwa amoksilini na metronidazo, siku ya tatu uvimbe umeshuka, unasahau. Mimi nilifanya hivyo mara nne ndani ya mwaka mmoja. Kila mara nilijiona nimepona, na kila mara liliporudi lilirudi na ukali zaidi, maana dawa ilizima moto lakini kuni nilikuwa nimeziacha palepale. Mara ya nne nililala nimekaa, nimeegemea ukuta, na nikaapa kwamba kukikucha naenda hospitali.

Si kila gego la mwisho ni la kung'oa. Kama limesimama wima, linasafishika na halikusumbui, liache likae. La kung'oa ni lile linalovimbisha ufizi mara kwa mara, lililotoboka mahali pasipozibika, linaloliozesha gego jirani, au ambalo picha imeonyesha limetengeneza uvimbe ndani ya mfupa. Daktari akikwambia ling'olewe, muulize ni sababu ipi kati ya hizo. Una haki ya kujua.

Kuna maneno mawili ya mtaani ambayo inabidi niyaseme, kwa sababu yamewachelewesha ndugu zangu mwenyewe. La kwanza, kwamba ukingʼoa gego macho yataharibika. Mshipa wa fahamu unaohudumia meno si ule unaohudumia kuona. Ni mishipa miwili tofauti. Maumivu ya jino yanaweza kusambaa hadi karibu na jicho, ndiyo, lakini kulitoa jino hakupofushi mtu. La pili ni hizi tiba za kudondoshea kwenye jino. Karafuu inatuliza kwa muda, sawa. Maji ya betri, spiriti na ugoro vinaunguza ufizi, na daktari atakukuta na vidonda viwili badala ya kimoja.

Uende wapi, na uulize nini

Jino lililosimama wima na kuota lote linaweza kung'olewa kwenye kituo cha afya au hospitali ya wilaya yenye kitengo cha meno. Lililolala ndani ya mfupa ni upasuaji mdogo: ufizi unachanwa, mfupa kidogo unaondolewa, jino linakatwa vipande. Hilo linahitaji mtu aliyezoea na vifaa vyake. Hapa jijini kuna hospitali ya rufaa ya mkoa ya Sekou Toure, kuna Bugando pale juu kilimani ambayo ni ya kanda nzima, na kuna kliniki binafsi za meno. Kama unatumia bima, uliza mapema kuhusu barua ya rufaa kabla hujapanda kilima ukarudishwa.

Dirishani au kwenye simu uliza haya: picha ya taya zima inapigwa hapohapo au natumwa kwingine? Bei ni ya kung'oa kawaida au ya upasuaji? Bima yangu inalipia kipi? Kurudi kutoa nyuzi kumo kwenye hiyo bei? Kung'oa na kupasua ni malipo mawili tofauti karibu kila mahali, na watu wengi hugundua tofauti hiyo wakiwa tayari wameketi na shavu limevimba.

Kuhusu picha, usikubali mkato. Kituo kimoja ambacho sitakitaja kilitaka kumng'oa mdogo wangu siku hiyohiyo bila picha yoyote, na jino lenyewe lilikuwa halionekani hata robo. Nikamwambia, "Inuka, tuondoke." Akanung'unika njia nzima kwa sababu alishajikaza, maskini. Tulipopata picha kwingine, daktari alituonyesha kwa ncha ya kalamu: mzizi wa jino umeinama na kukaa karibu kabisa na mfereji mweusi unaopita ndani ya taya la chini. Ndani ya mfereji ule unapita mshipa wa fahamu unaoupa hisia mdomo wa chini na kidevu. Ukiguswa, mtu anaweza kubaki na ganzi ya kidevu kwa wiki, hata miezi, na kwa wachache haiondoki. Daktari asiyejua mzizi uko wapi anafanya kazi gizani. Kwa magego ya juu kinachoangaliwa ni kingine: uwazi wa hewa ulio nyuma ya shavu, ambao mizizi huukaribia.

Usishangae pia ukifika na uvimbe mkali wenye usaha ukapewa dawa kwanza na kuambiwa urudi baada ya siku kadhaa. Ganzi haishiki vizuri kwenye nyama iliyojaa maambukizi. Lakini hapa ndipo watu wanapotoroka: wakishatulia, hawarudi. Tarehe uliyopewa iheshimu hata kama huumwi.

Siku moja kabla

Mwambie daktari ukweli wote. Presha, kisukari, moyo, pumu, vidonda vya tumbo, figo, mimba, mzio wa dawa, dawa za kufubaza virusi, dawa za kuzuia damu kuganda. Usiache dawa yoyote kwa uamuzi wako. Yeye ndiye atakayesema. Na kwa sisi wa Kanda ya Ziwa, ambako selimundu (sikoseli) ni nyingi kwenye familia, kama unayo au unahisi unayo, sema kabla ya yote. Hakuna jambo la aibu hapo, na linabadilisha namna watakavyokuandaa.

Kama utachomwa ganzi ya mdomoni tu, kula vizuri kabla ya kwenda. Uji na kiporo, chai na viazi, chochote cha kushiba, kwa sababu saa nyingi zinazofuata hutakula, na mwenye njaa na woga huzimia kirahisi. Lakini kama umeambiwa utalazwa usingizi, ni kinyume chake: usile kwa saa zisizopungua 6, na ufuate muda waliokupa wao. Usichanganye maagizo haya mawili.

Chagua siku ambayo siku tatu zinazofuata huna kazi nzito. Uvimbe haufikii kilele siku ya kung'oa. Unafika siku ya pili na ya tatu. Mdogo wangu anavuta nyavu, nikamwambia aage kwa wiki nzima. Kuinama, kubeba magunia mwaloni, kupiga kasia, vyote vinasukuma damu kichwani na kidonda kinaanza kuvuja upya.

Nyumbani andaa mambo machache: chupa mbili ndogo za maji yaliyogandishwa kwenye friji, hata kama ni friji ya jirani; chumvi; unga wa ulezi; mto wa ziada; na kitambaa safi cha zamani cha kutandika juu ya mto, maana usiku wa kwanza mate yenye damu yatadondoka. Tafuta mtu wa kukusindikiza. Kurudi usipande bodaboda kama unaweza kuepuka, kwa sababu mdomo umekufa ganzi, kichwa ni chepesi, na kila shimo la barabarani utalisikia kwenye taya ganzi itakapoanza kuachia. Anayetoka Sengerema siku hizi amerahisishiwa na daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025. Hasubiri tena kivuko akiwa na pamba mdomoni. Anayetoka Ukerewe namshauri alale mjini kwa ndugu angalau usiku mmoja. Ukivuja damu katikati ya maji huna wa kumrudia.

Kwenye kiti

Nilikaa kwenye benchi nyuma ya mdogo wangu, na ya kwangu nilikuwa bado nayakumbuka, kwa hiyo naweza kukueleza kwa pande zote mbili.

Sindano ya ganzi ni mbili au tatu. Ya taya la chini inachomwa ndani nyuma kabisa, na hiyo inauma kwa sekunde chache, mchomo mrefu kuliko wa sindano ya mkono. Baada ya dakika kama tano mdomo wa chini unakuwa mzito, unahisi umevimba kama wa mtu aliyepigwa ngumi, ingawa ukijitazama kwenye kioo hauna kitu. Ulimi upande huo unasisimka kisha unalala. Daktari atadonoa ufizi kuuliza kama unasikia. Jibu kweli. Usijitie ujasiri.

Halafu dokta akamwambia maneno ambayo laiti ningeambiwa mimi mara ya kwanza. "Kijana wangu, ukisikia mkandamizo, hiyo ni kawaida, vumilia. Ukisikia mchomo, inua mkono wa kushoto, nasimama, naongeza ganzi." Ganzi inaua maumivu, haiui msukumo. Utasikia unasukumwa, unavutwa, taya linaelemewa mpaka unataka kulishikilia kwa mkono. Hilo si dalili kwamba ganzi imekataa.

Kinachowatisha watu hasa ni sauti. Mashine ya kukatia mfupa inavuma ndani ya fuvu, maji yanarushwa, mrija wa kufyonza unakoroma kwenye kona ya mdomo. Kisha jino likagawanywa. Nililiona: dokta aliweka kifaa chembamba kwenye mfereji aliouchonga juu ya jino, akakizungusha kidogo tu kwa kifundo cha mkono, na likalia *ka!* kama muwa unaovunjwa kwenye fundo. Mdogo wangu akaruka miguu yote miwili. Hakuumia, alishtuka. Kipande cha kwanza kikatoka kirahisi, kikawekwa kwenye kisahani cha chuma. Cha pili, chenye mzizi ulioinama, kilichukua dakika 20 za subira, dokta akisukuma kidogo, akisimama, akiitazama tena ile picha ukutani. Mwanzo hadi mwisho ilikuwa kama dakika 50. La kwangu lilikuwa chini ya 20.

Jiandae kuyaziba masikio kwa akili yako: hesabu pumzi, pumua kwa pua, funga macho. Mdogo wangu alikuwa anakunja na kukunjua vidole vya miguu, na alisema ndicho kilichomsaidia.

Mwisho unashonwa nyuzi, mbili au tatu, na kuwekewa gozi (kile kitambaa laini cha kufungia vidonda) la kung'ata. Uliza nyuzi ni za kuyeyuka zenyewe au za kurudi kutolewa. Zile za kutolewa hutolewa baada ya siku kama 7.

Saa 24 za mwanzo

Ling'ate lile gozi kwa nguvu ya kawaida kati ya nusu saa na saa moja, bila kufungua mdomo kila dakika kuangalia. Kila ukichungulia unaivunja ile damu inayojaribu kuganda. Mate meza. Usiteme. Najua inakera kumeza mate yenye ladha ya chuma, lakini kutema ni kuvuta, na kuvuta ndiko kunakoing'oa damu shimoni.

Damu itachuruzika kidogo siku nzima na mate yatakuwa mekundu. Tone moja la damu likichanganyika na mate linaonekana kama kikombe kizima, kwa hiyo usipige mayowe. Ikiwa inatoka nyekundu kweli na kujaza mdomo, kaa wima, kunja gozi safi, lilowanishe, ling'ate nusu saa nyingine mfululizo. Gozi likiisha, kifuko cha majani ya chai meusi kilicholowekwa kwenye maji moto kisha kikapoa kinafanya kazi vizuri. Kuna kitu kwenye majani ya chai kinachosaidia kukaza mishipa. Isipokoma baada ya hapo, rudi hospitali usiku huohuo.

Dawa ya maumivu meza kabla ganzi haijaisha yote, yaani ndani ya saa mbili za mwanzo. Usisubiri mpaka ulie. Parasetamoli kwa mtu mzima ni vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku nzima. Ibuprofeni ya miligramu 400 baada ya kula inapunguza na uvimbe pia, na inaweza kutumiwa pamoja na parasetamoli, ila si kwa mwenye vidonda vya tumbo, shida ya figo, mjamzito, wala mwenye pumu ambayo dawa hizo huichokoza. Usichanganye ibuprofeni na diklofenaki. Ni za ukoo mmoja, utalichoma tumbo. Aspirini iache kabisa kama kitulizo, inaifanya damu isigande. Na kama daktari amekuandikia metronidazo, pombe ni marufuku mpaka siku kadhaa baada ya kumaliza dozi. Bia moja tu inaweza kukutapisha vibaya, na kutapika na kidonda kibichi mdomoni ni mateso.

Chupa iliyoganda ifunge kwenye kanga, weka shavuni dakika 15, toa dakika 15, rudia ukiwa macho. Lala kichwa kikiwa juu kwa mito miwili. Usile chochote cha moto, na usile kabisa mpaka ganzi iishe, kwa sababu utaung'ata mdomo wako mwenyewe bila kujua. Siku ya kwanza usisukutue.

Siku ya pili na ya tatu

Utaamka umevimba kuliko jana. Shavu limejaa, pengine lina wekundu au ubuluu unaoshuka hadi shingoni, mdomo unafunguka upana wa kidole kimoja. Mama yangu aliponiona alitaka kunipakiza kwenye gari palepale. Ni kawaida. Kuanzia siku ya pili anza maji ya chumvi: nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji ya vuguvugu, baada ya kila mlo. Yawe maji yaliyochemshwa, si yaliyochotwa ziwani yakapashwa kidogo. Na usisukutue kwa kupuliza mashavu. Jaza mdomo, inamisha kichwa upande huu, inamisha upande ule, halafu fungua mdomo yamwagike yenyewe.

Hapa ndipo nilipokosea. Siku ya tatu asubuhi nilijisikia mzima, kazi zilikuwa zimerundikana, jua lilikuwa kali. Mtu akaninunulia soda baridi yenye mrija, nikaivuta yote kwa mafunda manne. Sikusikia kitu chochote wakati ule. Usiku saa tano jino ambalo halipo tena likaanza kuuma. Si kama lilivyokuwa likiuma zamani. Lilikuwa linavuta kutoka kwenye taya hadi ndani ya sikio, bila kupumzika, na dawa ninazomeza hazioni ndani. Asubuhi nikatazama kwa tochi ya simu. Palipokuwa na bonge jeusi la damu palikuwa na shimo tupu, na chini yake mfupa mweupe mkavu.

Hilo ndilo shimo kavu. Damu iliyoganda ndiyo kifuniko cha mfupa. Ikitoka, mfupa na mishipa yake vinakaa wazi kwa hewa na chakula. Huanza zaidi siku ya 3 hadi ya 5, huja na harufu, na haliponi kwa kuongeza vidonge. Rudi kwa daktari. Wangu alilisafisha kwa maji ya dawa, akaweka kitambaa kidogo chenye dawa inayonukia karafuu, na ndani ya dakika kumi nikaanza kulia kwa nafuu. Nilirudi mara mbili zaidi kubadilishiwa. Wiki nzima ilipotea kwa sababu ya mrija.

Kwa hiyo, kwa siku 3 za mwanzo hakuna mrija, hakuna kunyonya maji kwenye chupa ya shingo nyembamba, hakuna miwa, hakuna kutema kwa nguvu. Sigara iache wiki nzima ukiweza, maana mvutaji analipata shimo kavu kirahisi kuliko wengine: anavuta, na moshi wenyewe unazuia kidonda kupona. Ugoro vivyo hivyo. Wanawake wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango nao wako kwenye hatari zaidi kidogo, wamtajie daktari. Na aliyeng'olewa la juu asipenge kamasi kwa nguvu, na akipiga chafya afungue mdomo.

Ule nini

Siku mbili za mwanzo: uji wa ulezi uliopoa na kulainika, maziwa mtindi, parachichi lililopondwa, ndizi mbivu, supu ya sato iliyochujwa vizuri. Nasisitiza kuchujwa. Mwiba mmoja wa samaki ndani ya shimo bichi ni kitu sitaki hata kukifikiria. Siku ya tatu hadi ya tano ongeza viazi vilivyopondwa na maziwa, mayai ya kuvuruga, minofu ya sangara iliyochemshwa mpaka inaachana yenyewe. Mdogo wangu alikuwa anadai ugali. Nikampikia laini, akaumeza na mchuzi upande wa pili bila kutafuna sana, na ilikuwa sawa.

Vya kukaa mbali navyo kwa wiki mbili ni dagaa wa kukaanga, karanga, bisi, mahindi ya kuchoma na michembe mikavu, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa. Matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa kisha vikakaushwa, ukiyachemsha upya yakalainika, kula. Wali ni mtego: punje zake zina ukubwa uleule wa shimo. Pilipili subiri.

Meno mengine endelea kuyapiga mswaki kuanzia siku ya pili, kwa mswaki laini, ukizunguka kidonda bila kukigusa.

Rudi bila kusubiri tarehe

Rudi ukiona homa ya nyuzijoto 38 au zaidi, uvimbe unaoongezeka baada ya siku ya tatu badala ya kupungua, usaha, maumivu yaliyotulia kisha yakapanda ghafla, au ganzi ya mdomo na kidevu ambayo haijaondoka kesho yake. Aliyeng'olewa la juu, kama akinywa maji yanatokea puani, arudi pia.

Lakini kama uvimbe umeshuka chini ya kidevu na kuwa mgumu, ulimi unasukumwa juu, unashindwa kumeza mate au unapumua kwa shida, usingoje asubuhi, usipitie duka la dawa, usimwite mtu wa kukuombea kwanza. Tafuta gari uende hospitali kubwa iliyo karibu saa hiyohiyo. Maambukizi yakifika huko yanaziba njia ya hewa, na yameua watu wenye afya zao waliokuwa wanaumwa jino tu.

Baada ya wiki

Nyuzi zikishatoka utabaki na shimo ambalo ulimi hauishi kulitembelea. Ufizi hufunga juu kwa wiki tatu au nne. Mfupa ndani huchukua miezi. Kwa shimo la chini mwombe daktari bomba la sindano lisilo na ncha kali. Kuanzia siku ya 7, kama amekuruhusu, vuta maji ya chumvi ya vuguvugu, elekeza mdomo wa bomba shimoni, sukuma polepole baada ya kula. Siku ya kwanza tulipofanya hivyo kwa mdogo wangu zilitoka punje tatu za wali ambao aliniapia hakula.

Taya likiwa gumu kufunguka hata baada ya wiki, lifanyishe mazoezi: kitambaa cha moto shavuni dakika 10, kisha fungua mdomo taratibu mpaka linapoanza kuvuta, shikilia hapo kidogo, funga, rudia mara kumi asubuhi na jioni.

Na siku ya kutoa nyuzi, kabla hujainuka kwenye kiti, mwombe daktari aitazame ile picha upya upande wa pili. Mara nyingi gego la upande ule nalo limelala vilevile. La mdogo wangu limelala. Tumekubaliana litoke siku za mbalamwezi, ambazo wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani na hata hivyo angekuwa nyumbani.